Kumfundisha Farasi wa Kupandwa Kuvuta Gari

Wasomaji wenzangu, najua ya kuwa wengi wenu hamjapata hata siku moja kumshika farasi kwa mkono. Hapa Uganda twawaona ng'ombe wa kulimia, na kule Karamoja na Sebei punda wa mizigo, lakini farasi kwetu ni mnyama wa picha na wa sinema. Mimi nami nilikuwa hivyo mpaka nilipomaliza mtihani wa Senior Four, nikavuka mpaka pale Malaba kwenda Kenya kumtembelea mjomba wangu. Mjomba ni saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja la nyanda za juu upande wa Molo, mahali penye baridi hata mtu hulala na blanketi tatu. Nilikaa huko wiki kumi na moja, na katika muda huo nilimsaidia kumfundisha farasi jike aliyezoea kupandwa ili avute gari la maziwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliposikia habari hizi aliniambia niziandike kwa ajili ya gazeti letu. "Lakini," akasema, "andika kazi yenyewe, si safari." Basi nitajaribu.

Kwanza yafaa mjue kwa nini farasi ni wachache kwetu. Si kwamba wazee wetu hawakuwa na akili ya kumtumia. Sehemu kubwa za nchi zetu zilikuwa na mbung'o, na mbung'o huwatia wanyama ugonjwa wa nagana, ambao farasi hauwezi kabisa. Na hata pasipo mbung'o pana ugonjwa mwingine wa farasi unaoletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma tangu magharibi mpaka alfajiri. Farasi akiupata ugonjwa huu mara nyingi hufa katika siku chache tu. Siku hizi iko chanjo, lakini mjomba hata hivyo huwaingiza farasi wake bandani kabla jua halijatua, na hakuna mgeni wala sherehe ya kumchelewesha. Huko Ethiopia, nchi ya milima mirefu na baridi, farasi ni wengi, na katika miji mingi ya huko watu hupanda gari la farasi la magurudumu mawili, nalo huitwa kwa jina hili hili tulitumialo sisi, gari. Asili ya neno hilo ni India.

Sasa nije kwa farasi wetu. Jina lake Njiwa, rangi yake kijivu, umri wake miaka kumi na minne. Alinunuliwa ili watoto wa mwenye shamba wampande, na watoto hao wamekwisha kuwa watu wazima, wameondoka. Farasi asiyefanya kazi hula sawasawa na yule anayefanya. Mwenye shamba alikuwa amesema kwamba Njiwa atauzwa, na anayenunua farasi mzee asiyejua kazi hanunui ili ampande. Mjomba, aliyemtunza tangu akiwa na miaka minne, alimwomba bwana huyo ampe nafasi ya kumfundisha kuvuta gari, ili apeleke maziwa mahali pa kupimia, kilomita nne kutoka shambani, badala ya kuwasha trekta killa asubuhi kwa mzigo mdogo. Bwana akakubali, ila akaweka mpaka: mwisho wa mwezi wa Januari. Tulianza tarehe 2 Desemba.

Mtu aweza kudhani kwamba farasi aliyekwisha kufundishwa kubeba mtu amekwisha kufika nusu ya njia. Nami nilidhani hivyo. Mjomba akacheka, akasema, "Mpwa wangu, huyu anajua mengi, na baadhi ya anayoyajua ndiyo yatakayotusumbua." Nilikuja kufahamu maana yake. Farasi wa kupandwa husikia mtu juu yake. Uzito wa mtu ukienda mbele au nyuma, yeye hujua. Mguu wa mtu ukimbana ubavu wa kulia, yeye huenda kushoto, maana amefundishwa kuukimbia mguu unaombana. Sasa fikiri: gari lina miti miwili mirefu inayopita mbavuni mwake, huku na huku. Killa akigeuka, mti mmoja humbana ubavu pale pale palipokuwa na mguu wa mtu. Yeye husema moyoni, nimeambiwa nisogee. Akisogea, mti wa upande wa pili humbana pia. Pande zote mbili zaambia nenda! Farasi asiyejua chochote huona jambo hili ni geni tu, lakini aliyefundishwa huona ni amri mbili zinazopingana, na hapo ndipo akili humruka.

Tena mtu aliyekuwa juu yake amekwenda wapi? Amekwenda nyuma, mahali asipoonekana. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, hivyo huona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa nafasi ndogo mbele ya paji lake na nafasi nyingine nyuma yake kabisa. Simba na mbwa mwitu hutoka nyuma. Kitu kinachopiga kelele nyuma yake, kinachomfuata akienda na kuzidi mbio akikimbia, kwa farasi ni kitu kimoja tu. Kwa sababu hiyo watu wengi huwavalisha farasi wa gari vidoto vya ngozi kando ya macho, waone mbele tu. Wale wa pwani wanalijua neno hili, maana ngamia wa kinu cha mafuta hufungwa kidoto ili asione kwamba anazunguka pale pale. Wako waendeshaji wasiopenda vidoto, wanaosema heri farasi alione gari na kulizoea tangu mwanzo. Mjomba alitumia vidoto. Mimi, baada ya yaliyonipata, naona wale wengine nao wana neno, lakini hayo yatakuja.

Vyombo vyenyewe si vingi. Kichwani iko hatamu yenye lijamu kinywani, na vigwe viwili virefu vinavyokwenda mpaka mkononi mwa mwendeshaji. Kifuani uko mkanda mpana wa ngozi, ambao ndio farasi anaousukuma. Maana kusema kweli farasi havuti, husukuma kwa kifua, na gari ndilo linalovutwa. Kutoka mkanda huo zinakwenda kamba mbili za kuvutia, moja killa upande, mpaka kwenye gari. Mgongoni pana tandiko dogo lenye vitanzi vya kushika ile miti miwili, na chini yake mkanda wa tumbo. Nyuma, chini kidogo ya matako, uko mkanda mwingine uliofungwa kwenye miti, nao ndio breki: gari likimsukuma wakati wa kuteremka, farasi hulikalia mkanda huo na kulizuia. Tandiko na mkanda wa kifua mjomba alivipata katika ghala, vimekauka kama samaki wa Kyoga, akavipaka mafuta siku tatu mpaka vikalainika. Ule wa nyuma tulishona wenyewe kwa ukanda wa mashine.

Mkanda wa kifua una mahali pake. Ukiwa juu mno hukaba koo, farasi hapumui. Ukiwa chini mno huzuia mabega yasiende mbele. Jambo hili lina historia. Afisa mmoja wa Ufaransa, Lefebvre des Noëttes, katika mwaka 1910 aliwafunga farasi vyombo alivyovitengeneza kwa kufuata sanamu za zamani za Wayunani na Warumi, akaona vinawakaba, akasema kwamba watu wa kale hawakujua kumtumia farasi kwa mzigo mzito. Watu wakalisadiki neno hili kwa miaka mingi, likaandikwa katika vitabu vya shule. Baadaye Mfaransa mwingine, Jean Spruytte, alivitengeneza upya vyombo vile, akavifunga mahali vinapostahili, na katika mwaka 1977 akatoa kitabu kuonyesha kwamba farasi walivuta vema bila kukabwa. Kosa lilikuwa la yule mfungaji wa kwanza. Hata hivyo ni kweli kwamba kwa mzigo mzito sana kola nene ya kuzunguka shingo ni bora kuliko mkanda wa kifua, nayo Wachina walikuwa nayo karne nyingi kabla haijaenea Ulaya. Mzigo wetu haukuhitaji kola.

Wiki ya kwanza hatukugusa gari. Njiwa alivishwa vyombo killa asubuhi, akaachwa ale navyo, atembezwe navyo, avuliwe. Ule mkanda wa nyuma ulimkasirisha mno. Siku ya kwanza alirusha mateke, siku ya nne alipunga mkia tu. Kisha tukaanza kumwendesha kwa miguu, yaani vigwe vya mita saba hivi, naye anatangulia, nasi twamfuata kwa nyuma tukitembea. Katika mafunzo yote hili ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote, na mjomba alisema ndilo kazi yenyewe, mengine ni mapambo. Farasi ajifunze kwenda bila mtu juu yake, kugeuka kwa kigwe tu bila mguu, kusimama kwa sauti, na kusimama kimya hata dakika kumi. Hili la kusimama farasi wa kupandwa hawalijui sana, kwa kuwa mtu akishapanda huondoka. Farasi wa gari sharti asimame wakati wa kufungwa, wakati wa kupakia, na wakati mitungi inapopimwa, huku magari yanapita.

Maneno yetu yalikuwa manne: twende, taratibu, simama, rudi. Njiwa alikuwa amefundishwa Kiingereza, ikabidi ajifunze Kiswahili uzeeni. Yafaa maneno yasifanane kwa sauti, na yasemwe vile vile siku zote. Mimi mara mbili nilijisahau nikamwambia kwa Luganda, naye akasimama akageuza sikio moja, kama mtu aliyeitwa na jirani asiyemfahamu.

Kugeuka pia kuna elimu yake. Farasi aliyepandwa hupinda mwili wake kama upinde akizunguka kona. Ndani ya miti miwili ya gari hawezi kupinda. Sharti aende upande upande kidogo, avushe mguu mmoja mbele ya mwenzake. Basi tulichukua mianzi miwili mirefu, tukaifunga mbavuni mwake katika vitanzi, ncha za nyuma zikiburuta chini, tukamgeuza huku na huku polepole, mtu mmoja akiwa kichwani kwake. Hapo ndipo niliona yale niliyoyaeleza juu. Alipobanwa na mwanzi wa kulia alisogea kushoto kwa adabu kabisa, akabanwa na wa kushoto, akarudi kulia, akaanza kutetemeka. Mjomba hakumpiga wala hakumvuta. Alimwambia simama, akaweka kiganja chake juu ya mwanzi na kuubonyeza ubavuni taratibu, akaachia, akabonyeza, akaachia, kama dakika ishirini, huku akimwimbia. Siku sita akafanya hivyo. Siku ya saba Njiwa alibanwa na mwanzi akaenda zake.

Kabla ya kuvuta kitu tulimzoeza sauti. Mimi nilipita mbali nikiburuta bati, kisha karibu, kisha nyuma yake, naye amevaa vidoto. Baadaye akavuta gurudumu kuukuu la gari, lililofungwa kwa kamba ndefu ili lisimguse miguu. Mara ya kwanza hatukulifunga kwake kabisa. Mimi nilishika ncha ya kamba kwa mkono nikiipitisha katika mkanda wa kifua, ili akishtuka niiachie. Hii ni kanuni njema kwa killa mnyama wa kuvuta, punda au ng'ombe: mara ya kwanza usifunge kitu usichoweza kukifungua kwa nusu dakika. Ikifika Krismasi alikuwa akivuta gurudumu pamoja na gogo juu yake, na kifua chake kilianza kupata misuli. Tulimkagua ngozi killa siku chini ya mikanda, maana kidonda kidogo cha leo hufundisha farasi kuchukia kazi.

Sasa nieleze kidogo mambo ya uzito, kwa ajili ya wale wanaosoma fizikia. Wakulima wa zamani walisema farasi aweza kuvuta siku nzima kwa nguvu iliyo kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Njiwa ana kilo 420 hivi, basi nguvu yake ya kutwa ni kama kilo 42. Gari letu tupu lilikuwa na kilo 180. Mitungi mitano ya lita 50, pamoja na vyuma vyake, ni kama kilo 300, na mwendeshaji kilo 60, jumla 540. Katika njia ya udongo mgumu iliyo sawa, gari lenye matairi mazuri huhitaji nguvu kama sehemu ya ishirini ya uzito wake, yaani kilo 27. Hapo Njiwa hana shida. Lakini kilima kinachopanda mita moja kwa killa mita kumi huongeza sehemu ya kumi ya uzito, yaani kilo 54, jumla 81, karibu mara mbili ya nguvu yake ya kutwa! Kwa muda mfupi aweza, maana farasi ana nguvu nyingi za akiba, lakini sharti apumzishwe, na mwendeshaji ashuke atembee. Katika kuteremka kilima hicho hicho, 54 hutoa 27, na kilo 27 zilizobaki humsukuma matakoni. Farasi asiyefundishwa akisukumwa hivyo hukimbia, na akikimbia gari humfuata. James Watt alipima kazi ya farasi akaipa hesabu, ratili 33,000 kuinuliwa futi moja kwa dakika, nasi mpaka leo twapima injini kwa hesabu hiyo, lakini hakupima hofu.

Tarehe 4 Januari tukamfunga Njiwa kwenye gari. Siku kadhaa kabla yake alikuwa amelivutiwa gari na watu wawili nyuma yake, pasipo kufungwa, ili azoee sauti ya magurudumu. Ziko taratibu za kufunga nazo hazibadiliki. Farasi haletwi nyuma kwenye gari. Gari ndilo huletwa kwake. Mtu mmoja hukaa kichwani. Miti huingizwa vitanzini, kisha hufungwa kamba za kuvutia, kisha mkanda wa nyuma, kisha wa tumbo. Katika kufungua ni kinyume chake, kamba za kuvutia zikiwa za mwisho. Na iko kanuni moja iliyo juu ya zote, ambayo mjomba aliniambia siku ya kwanza, na siku ya pili, na siku ya tatu: hatamu haivuliwi kamwe farasi akiwa bado amefungwa kwenye gari. Hata kwa dakika moja. Hata kama amesinzia.

Njiwa alikwenda vema. Siku ya kwanza hatua hamsini, siku ya pili mpaka langoni, siku ya tano mpaka barabarani na kurudi, mjomba na mimi tumekaa juu. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku ya sita, ilikuwa alasiri, tuliporudi mjomba aliitwa kwenye simu. Akaniambia, "Mfungue, ufuate taratibu." Njiwa alikuwa ametoka jasho kidogo, anasugua kichwa chake begani kwangu, na mkanda wa hatamu ulikuwa umemkwaruza nyuma ya sikio. Nikamwonea huruma. Nikasema, nitamvua hatamu kwanza apumzike, na mengine nitayafungua baadaye. Ni farasi mpole, amechoka, yuko nyumbani. Basi nikamvua.

Vidoto vilitoka pamoja na hatamu. Njiwa akageuza kichwa akaliona gari. Wiki nyingi alikuwa amelisikia, lakini hakupata kuliona limesimama pale pale nyuma yake, limemshika mbavu zote mbili. Akaruka mbele, gari likaruka naye. Sikuwa na kitu cha kumshikia. Hatamu ilikuwa mkononi mwangu, tupu. Alikimbia kuzunguka ua, gari likigonga nguzo, gurudumu moja likatoka, na penye kona ya zizi la ng'ombe mti wa kushoto ulivunjika na gari likapinduka, naye akaanguka nalo.

Mjomba alikuja mbio. Hakusema nami neno. Alimkalia Njiwa shingoni karibu na kichwa, kwa sababu farasi hawezi kuinuka asipoinua kichwa kwanza, na akiwa chini hivyo hajiumizi zaidi. Akanyoosha mkono akasema, "Kisu." Nikampa. Akakata kamba mbili za kuvutia na mkanda wa nyuma tuliokuwa tumeushona kwa siku mbili, nami nikaondoa ule mti uliovunjika, kisha akaondoka shingoni polepole. Njiwa akainuka. Alikuwa na jeraha refu katika paja la nyuma na mchubuko gotini, lakini alisimama kwa miguu yote minne. Mjomba akamtembeza hatua chache, akamtazama, akamtembeza tena. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Ulivua nini kwanza?" Nikamwambia. Akasema, "Haya. Kalete maji ya chumvi."

Nilitaka afadhali anipige. Usiku ule nilihesabu siku zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi, zilikuwa ishirini na mbili, na farasi alikuwa na jeraha, na gari hatukuwa nalo.

Asubuhi mjomba alikwenda kwa mwenye shamba akamweleza yote. Nilimsikia akisema "tulikosea," naye hakukosea. Bwana akasema tarehe haibadiliki, lakini mbao za kutengeneza gari tuchukue.

Farasi aliyekimbia na gari mara moja ni mgumu kuliko yule asiyepata kuliona. Wengine husema hafai tena kabisa. Mjomba alisema inategemea kama anaogopa gari au anaogopa kutoliona linavyofika. Kwa hiyo tulianza tena kwa njia nyingine. Gari lilipotengenezwa tuliliweka katikati ya ua, na Njiwa akalishwa chakula chake juu ya gari lenyewe, bila hatamu wala vidoto. Siku mbili alikula kwa kunyoosha shingo kama twiga. Siku ya tatu alikula amelisimamia. Kisha mimi nikalivuta gari mbele yake naye akilifuata, ili aone kwamba lile ndilo linalokimbia, si yeye. Hili nililipenda sana, nalo lilimpendeza hata yeye. Kufika mwisho wa wiki alikuwa akilisukuma kwa pua. Kisha gari likapita kando yake, kulia na kushoto, kisha nyuma, naye akiruhusiwa kugeuka kulitazama. Baadaye ndipo tulirudi kwenye mianzi, na gurudumu kuukuu, na hatamu yenye lijamu. Lakini safari hii hatamu haikuwa na vidoto. Mjomba alikuwa amevikata. Hakunieleza, wala sikumwuliza.

Jeraha lilifunga baada ya siku kumi na mbili. Tarehe 25 Januari tulimfunga tena, watu watatu tukiwa kichwani na kando, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya akiba tu. Alitetemeka gari lilipomgusa. Mjomba akabonyeza mti ubavuni, akaachia, akabonyeza, akaachia. Akaenda hatua ishirini, tukamfungua kwa taratibu, hatamu ya mwisho kabisa. Kesho yake hatua mia. Tarehe 31 mwenye shamba alikuja, akasimama langoni na mikono mfukoni, akamtazama Njiwa akivuta gari tupu kwenda barabarani na kurudi, na kusimama, na kurudi nyuma hatua tatu alipoambiwa rudi. Akauliza kama aweza kubeba maziwa. Mjomba akasema, mtungi mmoja wiki ijayo, miwili wiki ya pili yake, na mitano baada ya mvua. Bwana akasema haya, akaenda zake.

Mwezi wa pili nilirudi Uganda kuanza Senior Five. Likizo iliyopita nilikwenda tena. Njiwa sasa ana miaka kumi na sita. Hupeleka mitungi mitano killa asubuhi, na penye kile kilima hupumzika mara mbili, mahali pale pale, bila kuambiwa. Nilikwenda naye siku nne, mjomba akaniachia vigwe. Tuliporudi nilifungua mkanda wa tumbo, na wa nyuma, na kamba za kuvutia, nikalisukuma gari nyuma mpaka miti ikatoka kabisa vitanzini, na Njiwa hakusogeza hata ukwato. Lakini nilipoinua mkono kwenye hatamu, masikio yake yakalala nyuma na ngozi ya begani ikamcheza. Mjomba akaja upande ule mwingine, akafungua kifungo yeye mwenyewe.